Ukuta Uliokataa Rangi

Nyuki alikuwa mmoja tu. Alitua kwenye ukuta mweupe ambao Issa alikuwa amemaliza kuupaka asubuhi ile, akatembea kidogo, akasimama, akaanza kupangusa miguu ya mbele kama mgeni aliyefika mlangoni mwa watu.

Wenzangu hawakumwona. Mimi nilimwona.

Nyuki hana shida na rangi. Alikuwa amefuata kitu kilichokuwa chini ya rangi, na katika jengo zima mimi ndiye niliyejua ni kitu gani.

Uliyekuwa nami wiki ile nilipodondosha kofia ngumu ya injinia kwenye shimo la choo, unanifahamu tayari. Kama leo ndiyo mara ya kwanza, hujapitwa na mengi. Naitwa Klementina, saidia fundi kwenye kile kiwanda cha zamani cha nta karibu na stesheni ya Mpanda, kinachogeuzwa kuwa ofisi. Kofia ilipatikana. Hakuna aliyeivaa tena.

Wiki zote hizo nimewasimulia mabaya yaliyonipata. Leo nasimulia baya nililolifanya mwenyewe, kwa mikono yangu na kikombe cha plastiki.

Zamani kiwandani hapa walikuwa wanapokea masega kutoka porini, wanayachemsha kwenye mapipa, wanachuja nta, wanaigandisha, inapanda treni. Mvuke wa mapipa ulikuwa unaganda ukutani mwaka hadi mwaka, mpaka kuta zikawa zinateleza kama mgongo wa kambale.

Siku ya kwanza ya kazi Injinia Providence alitukusanya. Ni dada wa mjini, mwembamba, anavaa buti za kiume, na kila akimaliza kusema lazima aulize kama tuko pamoja.

"Kuta hizi za nje hatuzivunji," alisema. "Ndiyo thamani ya jengo. Tutazikwangua nta yote, tutapiga puti ya kusawazisha, tutapaka rangi. Nta ikibaki hata unene wa kucha, rangi haishiki. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja!"

Tulikuwa watu sita. Fundi Method, msimamizi wetu, alikuwa na msiba Kabungu, akatuachia vikwanguo na maneno mawili: gawaneni wenyewe. Wenzangu wakavamia ukumbi mkubwa, wanapiga kelele, wanaimba, wanataniana. Mimi nikajichagulia chumba cha kuchemshia, kule mwisho, upande wa magharibi, kwa sababu hakikuwa na mtu.

Baadaye chumba hicho kilibomolewa kuta zake tatu za ndani, ukabaki ukuta mmoja wa nje, mrefu, unaopigwa na jua la mchana. Huo ndio uliokuwa wangu.

Niliukwangua kutoka chini hadi mkono wangu ulipofika. Hapo nikahitaji ngazi.

Ngazi ilikuwa moja. Ilikuwa kwa Issa, kule ukumbini, katikati ya wanaume watano. Ilibidi nipite mbele yao, nisimame, nifungue mdomo, niseme maneno mawili tu: naombeni ngazi.

Mimi na maneno mbele za watu hatujawahi kuelewana. Jioni ile, juu ya baiskeli, nilijifunza kuyasema njia nzima mpaka Kakese. Niliyaambia mahindi makavu, nikawaambia mbuzi wa jirani. Mbele ya mbuzi niliyatamka vizuri sana.

Kesho yake nilifika mpaka mlango wa ukumbi. Issa akageuka huko juu ya ngazi, akasema, "Karibu, dada Klementina, tukusaidie nini?"

Nikasema, "Nimekuja kuangalia saa."

Ukumbini hamkuwa na saa.

Siku ya tatu Fundi Method akarudi kutoka msibani, tukasikia pikipiki yake getini. Ukuta wangu ulikuwa na rangi mbili, chini umepauka, juu mweusi unang'aa. Nikachukua kikombe changu cha plastiki, nikaanza kuurushia maji. Ukuta wote ukawa wa rangi moja, mbichi. Nikakimbilia nje.

Fundi akapita, akatazama kila ukuta akiwa amefunga mikono nyuma.

"Safi, wanangu," akasema. Hakuuliza nani alikwangua wapi.

Nikajiambia, puti itaficha. Na kweli ikaficha, mpaka alipokuja yule nyuki.

Sasa turudi Jumanne, siku ya yule nyuki.

Saa nane mchana jua liliugonga ukuta kwa nje. Ukaanza kutoka jasho. Kwanza vipele vidogo, halafu vipele vikawa malengelenge, halafu rangi na puti yake vikaanza kuteremka polepole, kama utando wa maziwa unaovutwa na kijiko.

Chini rangi ilishika vizuri. Juu ilikuwa inahama. Katikati pakabaki mstari.

"Issa!" Fundi Method alipiga kelele. "Umetia maji kiasi gani kwenye rangi hii?"

"Maji ya kawaida, fundi."

"Ya kawaida ya wapi? Ya ziwa zima? Nyie watu wa Karema kila kitu mnadhani ni mchuzi wa migebuka, mgeni akiongezeka mnaongeza maji!"

Watu wakacheka. Issa naye akacheka, lakini masikio yalikuwa yamemshuka. Ni kijana mfupi, mchangamfu, na kwenye jengo hili ndipo alipoitwa fundi kwa mara ya kwanza. Mwanzoni alikuwa saidia fundi kama mimi. Injinia alipoona anavyoshika brashi, akampa kuta zote. Siku ile alimpigia mama yake simu mbele yetu, akamwambia, "Mama, kuanzia leo usiniite Issa, niite fundi rangi."

Jumatano akarudia ukuta ule kwa rangi nzito, bila hata tone la maji. Nyuki wakawa kumi na mmoja. Saa nane rangi ikateremka tena, mpaka kwenye mstari uleule.

"Hapa kuna mkono wa mtu," alisema Manyanda, Msukuma mmoja mrefu ambaye huwa anasema mara moja kwa siku.

"Unamaanisha uchawi?" akauliza Issa.

"Namaanisha mkono wa mtu."

Nikaenda kuosha sufuria zilizokuwa safi.

Kwa nini sikusema? Nitawaambia, na mtanicheka.

Jumatatu ya wiki ile injinia alikuwa ameniita pembeni. Mkononi alishika ufunguo mkubwa wa mlango wa mbele, ule wa zamani ambao kitasa chake hakikubadilishwa. Ulifungwa kikaratasi kwa uzi. Kwenye kikaratasi lilichapwa jina langu kwa kompyuta, KLEMENTINA, bila kukosewa herufi.

"Jumamosi mwenye jengo, Mzee Danford, anakuja kukabidhiwa," alisema. "Akishapokea, ufunguo huu unakaa kwako. Wewe ndiye utafungua asubuhi na kufunga jioni, na chai ya wageni ni yako. Nimewaangalia watu wote hapa. Wewe huna maneno. Tuko pamoja?"

Nikatikisa kichwa.

Niliacha shule darasa la tano, bibi yangu alipovunjika nyonga na hapakuwa na mwingine wa kumchotea maji. Mpaka Jumatatu ile, jina langu nilikuwa nimeliona limeandikwa mahali pawili tu. Pa kwanza ni kadi ya kliniki. Pa pili ni mlango wa choo cha shule, ambapo mtu aliandika kwa mkaa kwamba Klementina ni bubu.

Injinia akaurudisha ufunguo mfukoni. "Mpaka Jumamosi," akasema.

Basi nikawa nahesabu siku, na ukuta nao ukawa unahesabu.

Alhamisi ndiyo siku iliyoniua.

Injinia alitaka mlangoni itundikwe picha ya mtu aliyefanya kazi kiwandani enzi zile. Akauliza kama kuna anayemjua mzee yeyote. Fundi Method akasema, "Si bibi yake Klementina? Yule alikuwa mchujaji hapa."

Saa saba na nusu bajaji iliyotumwa kumleta ikaingia getini. Akashuka Bibi Matilda, fimbo mkononi, kitenge cha kwaya, na miwani ambayo lenzi moja ina ufa.

"Shikamoo, bibi," injinia akapiga goti kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Injinia yuko wapi?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Wewe? Mbona mtoto?"

"Nina miaka thelathini na nne, bibi."

"Ndo nasema."

Akaletewa soda, akaikataa, akaletewa kiti, akakikataa. Alitaka kutembea. Tukamfuata wote kama msafara wa harusi.

"Hapa lilikuwa pipa la kwanza. Hapa la pili. Hapa alikuwa anakaa mnyapara, mtu mbaya yule, Mungu ampokee hivyohivyo. Pale dirishani ndipo babu yako, Klementina, aliponishika mkono, nikampiga na chujio."

"Ukampiga, bibi?" Issa akauliza.

"Kidogo tu. Si tulioana?"

Akafika kwenye ukuta wangu. Nyuki kwa wakati huo hawakuwa wa kuhesabika. Injinia alisimama mbali, koti kichwani. Bibi alipita katikati yao kama anapita katikati ya kuku.

"Na hawa wamerudi kazini," akasema.

Akainua fimbo, akauchokonoa ukuta juu ya mstari. Kikadondoka kipande cha rangi kilichobeba kitu cheusi mgongoni. Nikamwokotea, maana hawezi kuinama. Akakifinyanga kwa vidole, akakinusa, kisha akakitia mdomoni, akatafuna.

Wote tukamtazama mdomo.

"Nta," akasema. "Tena nzuri. Hamkukwangua."

"Bibi, tulikwangua," Fundi Method akajitetea. "Nilikagua kwa macho yangu haya mawili."

"Kwa macho. Mnyapara wetu alikuwa anapitisha kiganja."

Injinia akasahau nyuki. Akachukua kikwanguo, akakwaruza chini ya mstari: tofali tupu. Akakwaruza juu: nta, nene kama chapati. Akarudi nyuma hatua mbili, akaukodolea macho mstari. Ukiuangalia vizuri haukuwa umenyooka. Ulikuwa na vilima vidogovidogo, kimoja baada ya kingine, kama anavyofanya mtu anayepangusa meza.

Akachomoa tepu.

"Sentimita mia mbili na tatu," akasema taratibu. "Mtu alisimama hapa chini, akakwangua mpaka mkono ulipogota, akaacha. Manyanda, jana ulisema nini?"

"Mkono wa mtu," akasema Manyanda.

"Wa nani?"

Wenzangu wote walikuwa ukumbini siku zile, katika kelele zao, na kila mmoja alidhani mmoja wao ndiye aliyetoka kwenda kukwangua kule mwisho.

"Hamtaki kusema? Sawa. Huyu mtu ameniharibia kazi, ameacha mwenzake anatukanwa siku mbili kwa ajili ya ndoo ya rangi. Kila aliyeshika kikwanguo aje hapa, asimame ukutani, anyooshe mkono. Ukuta utasema. Tuko pamoja?"

Safari hii tulitazama mikono yetu.

Nilitamani niwe kwenye lile shimo la choo, pamoja na ile kofia.

Manyanda akaanza. Mkono wake ukapita mstari, ukapita taa mpya za ukutani, ukaenda kugusa dari ya jipsamu, ukaacha alama ya vidole.

"Nenda, Manyanda."

"Nimeshinda?"

"Nenda."

Fundi Method akasema naye apimwe, asije akasemwa. Akavuka mstari kwa viganja viwili, akatabasamu kama amepewa cheti. Wakafuata wale wengine watatu. Mmoja akapita, mwingine akapita, wa tatu akapita mpaka kifundo cha mkono.

"Klementina."

Sasa sikilizeni nilivyofanya, maana hili hata kwa padri sijalipeleka.

Gauni langu ni refu, linafika kwenye vifundo vya miguu. Bibi ndivyo anavyotaka. Nilisimama ukutani, nikanyoosha mkono juu, na ndani ya gauni nikakunja magoti. Si sana. Kama ninavyokunja nikimsalimia mkubwa.

Vidole vikaishia chini ya mstari, pakabaki nafasi ya kiganja kizima.

"Hafiki," injinia akasema. "Nilijua. Pita, mama."

"We Klementina!" Sauti ya Bibi ilitoka nyuma kama kengele. "Mbona leo umekuwa mfupi? Juzi si umenishushia ungo juu ya kabati?"

Injinia akageuka. Fundi akageuka.

"Bibi, hiyo ni mifuko ya saruji," Issa akadakia haraka. "Wiki mbili anabeba kichwani. Lazima mtu adidimie."

Watu wakaangua kicheko. Hata injinia alicheka. Bibi alicheka pia, lakini macho yake na ile lenzi yenye ufa yalikuwa kwenye pindo la gauni langu, lililokuwa linafagia sakafu.

Issa ndiye aliyebaki. Aliponipita aliinamisha kichwa, akaninong'oneza, "Nyoosha magoti, dada. Ganzi itakushika."

Alikuwa anajua.

Akasimama ukutani. Angeweza kujikunja naye, au kuinua visigino, lolote. Hakufanya. Alinyoosha mkono wote, mpaka kidole cha kati, na kidole kile kikatua juu ya mstari kana kwamba ndicho kilichouchora.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mimi na Issa tuko sawa kwa kimo.

"Issa," injinia akasema.

"Naam."

"Ni wewe?"

Issa akaangalia dari. Akaangalia alama ya vidole vya Manyanda. "Mkono umeshasema, injinia. Mimi niongeze nini?"

"Nilijua!" Fundi Method akapiga paja. "Tangu Jumanne nilisema!"

"Ulisema maji," Manyanda akamkumbusha.

"Manyanda, leo umeongea sana."

Injinia hakucheka tena. "Kusanya brashi zako. Sikutaki hapa Jumamosi, na kazi yoyote nitakayosimamia kuanzia hapa mpaka Sumbawanga, sitaki kukuona umeshika rangi. Nilikupa ufundi mapema. Kosa langu."

"Sawa, injinia."

Akatoka. Sikuona tena utani wowote mgongoni mwake.

Nilimkuta bombani nyuma ya jengo, anaosha brashi moja moja. Nilisimama karibu. Nikajikaza, likatoka neno moja.

"Uliniona?"

"Siku ile kiu ilinishika, nikaja kutafuta maji," akasema bila kugeuka. "Nikakuta mtu anaumwagia ukuta maji kwa kikombe, kama anaubatiza. Nikasema, huyu dada ana ibada zake, nisimsumbue. Nikarudi."

"Mbona hukusema?"

"Leo nisingesema. Bibi yako alikuwa amesimama pale." Akakung'uta brashi. "Na siku zile za kukwangua, ngazi ilikuwa kwangu. Siku zote tatu. Kila ukipita nilikuona unaitazama. Nikajua unaitaka. Ningeweza kukuletea, si hatua thelathini tu?"

"Sasa?"

"Nikaringa. Nikasema, asiniombe kwa macho, aniombe kwa mdomo. Nilitaka nisikie sauti yako ikoje." Akacheka, kicheko kidogo kisicho na nguvu. "Kwa hiyo ule ukuta, kuanzia mstari kwenda juu, nusu ni wangu. Wewe chukua ufunguo wako. Mimi nitarudi ziwani, kuna mitumbwi, haikosi wa kuipaka rangi."

"Mama yako je?"

Brashi ikatulia mkononi.

"Nitamwambia aendelee kuniita Issa."

"Klementina!" Injinia alikuwa ananiita mbele. "Klementina, njoo!"

Nikaenda. Wote walikuwa wamesimama mbele ya ule ukuta. Bibi sasa alikuwa amekubali kiti. Fundi Method alikuwa anamweleza injinia kwamba watabandika mbao, watafunika yote, Mzee Danford hatajua. Manyanda alikuwa ameibeba ngazi begani anaelekea mlangoni. Ilikuwa ya kuazima, na leo mwenyewe alikuwa anaitaka dukani kwake Kashaulili.

Injinia akatoa ufunguo mfukoni.

"Shika," akasema. "Jumamosi nitakuwa na wageni, naweza kusahau. Katika nyie wote, angalau nimempata mmoja asiye na matatizo."

Akauweka kiganjani kwangu. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na bado ulikuwa na joto la mfuko wake. Kikaratasi kikageuka juu, nikasoma jina langu. Herufi zote zilikuwepo.

Nyuma ya Manyanda, kupitia mlango, nilimwona Issa anavuka uwanja na kamfuko kake, hatazami nyuma. Hatua chache zaidi angefika getini.

"Sema asante, we mtoto," Bibi akaniambia. "Au na hilo nalo halifiki?"

Aliongea taratibu, kama mtu asiyekuwa na habari. Lakini fimbo yake alikuwa ameielekeza miguuni pangu.

Nilijua nikikaa kimya nitafungua mlango ule kila asubuhi. Nitapika chai. Nitapita mbele ya mbao za Fundi Method, na kila saa nane mchana, nyuma ya mbao, nta itakuwa inateremka.

Nikachukua mkono wa injinia, nikaufungua, nikaurudisha ufunguo ndani yake.

"Nini sasa?" akashangaa.

Nikaenda ukutani, katikati ya nyuki. Mmoja akatua begani, nikamwacha. Nikasimama wima, magoti yamenyooka, visigino chini, mbele za watu wote hao. Nikanyoosha mkono.

Kidole kikagusa mstari. Nikakisogeza kulia, kikapanda kilima cha kwanza, kikashuka, kikapanda cha pili. Kilijua njia.

"Mungu wangu," Fundi Method akasema.

"Ehee," Bibi akasema.

Ufunguo ulikuwa umelala kwenye kiganja cha injinia kilichofunguka, na sikuweza kusoma usoni mwake kama kiganja kile kinataka kufumba au kunirudishia. Mlangoni Manyanda aligeuka kuona kuna nini, akasahau alichobeba, ngazi ikagonga fremu mpya kwa kishindo. Uwanjani, Issa akasimama.

Nikafungua mdomo. Ikatoka pumzi tupu.

"Unasema nini, binti?" Fundi akaniuliza. "Sauti haitoki."

Nikawakumbuka mbuzi wa Kakese, walivyokuwa wananisikiliza vizuri. Nikavuta pumzi nyingine, nikamtazama Manyanda, nikatazama na kule nyuma yake uwanjani, na nikasema kwa sauti iliyofika mpaka getini:

"Naombeni ngazi!"